Mafunzo Niliyopata: Tangazo Lipimwe Dukani

Nauza mabati, saruji na misumari hapa Kabanga, Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Nimelipia redio, gari la spika na bango. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Piga hesabu kwa faida, mauzo yasikudanganye. Tuseme tangazo limegharimu shilingi 120,000 na kila bati linakuachia faida ya 1,500. Lazima uuze mabati 80 zaidi ya kawaida ndipo fedha yako irudi. Neno ni hilo "zaidi ya kawaida": fundi ambaye angekuja hata bila tangazo hahesabiwi.

2. Swali la "ulitusikia wapi?" huvuna adabu kuliko ukweli. Huku wengi wamezoea redio. Radio Kwizera iko Ngara tangu 1995, ilipoanzishwa na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi. Basi ukimuuliza mtu, atakujibu "redioni" ili asikuvunje moyo, hata wiki ambayo hukutangaza popote. Mimi siku hizi nauliza "umetokea wapi?", nikiwa naandika risiti. Jibu la swali hilo halina haja ya kumfurahisha mtu. Gari la spika nililituma Rulenge, Murusagamba nikaiacha kimya kwa makusudi, kisha nikalinganisha risiti za pande zote mbili na za wiki zilizotangulia. Rulenge ilipanda, Murusagamba ikabaki palepale. Ushahidi huo naukubali kuliko pongezi zote za sokoni.

3. Usiipe redio sifa ya kahawa. Fedha ya mavuno ikishaingia mikononi, watu huezeka nyumba, tangazo liwepo lisiwepo. Anayetangaza msimu huo halafu akalinganisha na Machi atajiona bingwa wa biashara. Linganisha na msimu kama huo wa mwaka jana, na hata hapo kumbuka kuuliza bei ya kahawa ilikuwaje.

4. Bango husomwa na wapitaji, na wapitaji wa barabara ya mpakani wengi ni madereva wa malori ya Burundi. Dereva anayesubiri karatasi za forodha anataka wali, vocha na mahali pa kuoga. Bango la mabati lilikuwa zuri kwelikweli. Jirani yangu wa mgahawa ndiye aliyestahili kulilipia.

5. Kila tangazo lipewe namba yake ya simu. Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu chake cha mwaka 1923, Scientific Advertising, alisisitiza kuponi zenye alama, ili ijulikane tangazo lipi limeleta mteja. Laini mbili za bei nafuu zinatosha: moja ya redioni, nyingine ya kwenye gari. Simu ya redio huita sana jioni, na wengi huuliza bei tu. Ya gari huita mara chache, lakini anayepiga hutaka kujua kama usafiri wa mabati upo.