Betri Inalala Nzima, Inaamka Imekufa
Mwongozo kwa madereva na mafundi wa magari ya safari

Saa 11 alfajiri. Wageni wamekwisha kupanda na kujifunika blanketi magotini, dereva anazungusha ufunguo, na stata inajibu kwa mlio mmoja mkavu: tak. Jana jioni gari hilo hilo liliingia kambini bila tatizo lolote. Wenzake watalisukuma, safari itaendelea, na akirudi Arusha jambo la kwanza atakaloambiwa ni anunue betri mpya. Mwongozo huu unamtaka asinunue kitu kabla ya kupima. Kupima kwenyewe huchukua kama saa mbili, na chombo kikuu ni mita ya kawaida ya umeme yenye tundu la ampea 10, ambayo bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri.

Betri imechoka au inaibiwa?

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika, husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Kupumzika ni jambo la msingi hapa, kwa sababu gari lililozimwa sasa hivi husoma juu kuliko chaji iliyomo. Liache usiku kucha; au washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Jaza betri kwa chaja, ifungue vibano vyote viwili na iache usiku mmoja bila kuunganishwa na chochote. Ikiamka imeshuka sana, ubovu ni wake na ibadilishwe. Ikiamka ilivyolala, irudishe garini, washa injini, na upime kwenye vichwa vyake: altaneta nzima itasoma kati ya volti 13.8 na 14.4 au zaidi kidogo. Chini ya hapo, kagua mkanda na altaneta kwanza. Yote mawili yakiwa sawa, gari linakula chaji likiwa limezimwa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kabla ya hapo, tazama uso wa betri. Vumbi la barabara ya Ngorongoro likikutana na unyevu wa tindikali hutengeneza njia ya umeme juu ya plastiki. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi, mwingine uuburuze juu ya mfuniko. Mita ikisoma volti, osha kwa maji yenye soda ya kupikia, ukihakikisha hayaingii vyumbani, kisha kausha.

Kupima mkondo

Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu, kwani betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti. Mlango utakaohitaji kuuacha wazi ili ufikie fyuzi, sukuma komeo lake kwa bisibisi mpaka gari lidhani mlango umefungwa na taa ya ndani izimike.

Hamisha waya mwekundu wa mita uende kwenye tundu la ampea 10. Legeza kibano cha hasi kwa spana namba 10, lakini usikinyanyue bado. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kibano na nyingine kwenye kichwa cha betri, uzishikize vizuri, ndipo ukinyanyue kibano polepole. Mafundi wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa gari likipima salama wakati usiku huo huo litakufa tena. Rilei iliyonata huachia umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, na kompyuta za gari huamka upya umeme ukirudi. Mkondo usipokatika, mwizi anabaki kazini na unamkuta.

Mita ikiwa imeunganishwa namna hiyo, mtu yeyote asijaribu kuwasha gari. Stata huvuta mamia ya ampea, na fyuzi iliyomo ndani ya mita itaungua papo hapo. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Anayesahau na kwenda kupima volti za betri na waya ungali kwenye tundu la ampea, amepiga shoti kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa subiri. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, isiyo na kompyuta nyingi, hutulia mara moja. Magari mapya huchukua dakika 20, mengine hata saa nzima, kabla kompyuta zake hazijalala. Anayesoma mita dakika ya pili ataona ampea 2 au 3 na kuanza kukata waya zisizo na kosa. Gari likishalala, chini ya miliampea 50 ni kawaida. Saa na alamu vinahitaji kiasi hicho, na hufanya ampea-saa 1.2 tu kwa siku. Ikisoma ampea 0.5, ni ampea-saa 12 kila siku. Betri ya N70 itakuwa imepoteza nusu ya uwezo wake siku ya tatu, na dizeli yenye plagi za kupasha moto haitasubiri betri iishe ndipo igome. Hata taa ya wati 5 ndani ya kisanduku cha dashibodi, ikibaki inawaka kwa sababu kifuniko hakifungi vizuri, huvuta ampea 0.4.

Kumtafuta mwizi

Njia ya kawaida ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mwenzako akitazama mita. Ile inayoshusha usomaji ndiyo inayolisha sakiti yenye tatizo. Ukirudi kwenye mchoro wa sanduku la fyuzi utajua inakwenda wapi. Kwa gari lenye kompyuta nyingi, kuchomoa na kurudisha fyuzi huziamsha, na utarudi kusubiri upya. Hapo tumia mita kwenye milivolti: gusa vijitundu viwili vilivyo mgongoni mwa fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Inayosoma hata sehemu ya kumi ya milivolti ina mkondo unaopita, na inayosoma juu kuliko wenzake wa ukubwa ule ule ifuatwe kwanza.

Nilikuta gari moja Karatu lililokwisha kubadilishiwa betri mara mbili ndani ya miezi mitano, na ya tatu ilikuwa imeanza kusumbua. Mita ilisoma ampea 0.61. Tulichomoa fyuzi zote, za dashibodi na za chini ya boneti, na usomaji ulishuka hadi 0.58 tu. Dereva alikata tamaa. Mimi niliona tumekaribia, maana kilichobaki ni kile kisichopita kwenye sanduku la fyuzi: stata, altaneta, na kila waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri. Tulitoa mita na kufungua kibano cha hasi kabisa, kwa sababu waya mnene wa altaneta una umeme wa betri wakati wote na haugusiki kwa spana kabla ya hapo. Tukaufungua, tukaufunga plasta, tukarudisha mita: 0.58. Daiodi za altaneta zilikuwa nzima.

Kwenye kibano cha chanya palikuwa na waya mwembamba mwekundu, umepakwa vumbi hadi ukafanana na chuma. Tuliufuata ukipenya ukuta wa injini, ukipita chini ya zulia, hadi nyuma ya kiti cha mwisho. Huko palikuwa na invata ya kuchajia kamera za wageni. Hakuna kilichochomekwa, lakini swichi yake ilikuwa imewashwa na kitaa cha kijani kikiwaka chini ya mablanketi. Tulipoizima na kurudisha fyuzi zote, mita ilisoma 0.03.

Mafundi wanaohudumia magari ya safari waanzie hapo, kwa vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: friji, redio ya upepo, kifaa cha kufuatilia gari, soketi za kuchajia simu, taa za ziada, winchi. Friji peke yake huvuta ampea 3 hadi 5 kompresa ikizunguka. Isiyokatika yenyewe volti zinaposhuka haifai kufungwa kwenye betri ya kuwashia. Penye betri ya pili, kagua rilei inayozitenganisha, kwa kuwa vidole vyake vikiungua vikashikana, friji iliyodhaniwa inakula betri ya pili hula zote mbili.

Vya kiwandani vina dosari zake pia. Kijiplastiki kinachobonyeza swichi ya breki juu ya pedali huzeeka na kupasuka, na taa za breki hubaki zinawaka usiku kucha. Nenda nyuma ya gari gizani utazame. Waya zinazopita juu ya chesisi huchubuliwa na mtikisiko wa barabara za makorogesheni mpaka shaba inagusa chuma.

Baadhi ya magari ya zamani ya dizeli yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24. Mtu akiunga redio ya volti 12 kwenye betri moja tu, hiyo itakuwa na njaa daima na mwenzake atachemka kwa chaji iliyozidi. Ukiona betri moja inakufa na nyingine inakauka maji, usitafute shoti. Tafuta waya huo, na badala yake kifungwe kipunguza volti kutoka 24 hadi 12.

Baada ya matengenezo

Rudia kupima mkondo gari likiwa limelala, na uandike usomaji, tarehe na kilometa kwenye daftari la gari. Kila kilichoongezwa kipewe fyuzi yake karibu kabisa na betri, na kipitie swichi moja kuu ambayo dereva ataizima kila jioni. Waya uliofungwa kienyeji bila fyuzi usivumiliwe hata kama haujaleta tatizo, maana siku utakapochubuka utachoma gari lenye watu ndani.

Gari la Karatu halikununuliwa betri ya nne. Ile ya tatu ilijazwa kwa chaja usiku mmoja, na asubuhi iliwasha injini mara ya kwanza.