Msikiti wa Gaddafi na vita vya Kagera

Ijumaa moja, tukitoka kuswali Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma, mwanafunzi wangu aliniuliza: "Ustadhi, huyu Gaddafi si ndiye aliyempa Idi Amin askari?" Ndiye. Amin alitwaa madaraka 1971 akiwa swahiba wa Israel. 1972 akawafukuza Waisraeli, akamgeukia Gaddafi. Kwa Libya, Uganda ikawa ngome iliyonyang'anywa adui. Ndiyo maana mwaka 1979 Walibya walipigana na jeshi letu kule Lukaya. Wanaoiona ile kuwa vita ya dini, ndugu msomaji, wanawasahau askari Waislamu wa Tanzania. Fedha za Libya zikaja kujenga msikiti huu, ukafunguliwa 2010. Mwaka uliofuata Gaddafi akauawa. "Basi tuendelee kuswali humu?" Nikamwambia tutaswali, na somo la Jumamosi litakuwa Lukaya.