Masika ya nani? Mvua na msamiati Kapalata

Kapalata iko nusu digrii hivi kaskazini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 400 hivi. Jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi, hewa yenye joto hupanda, na mvua hunyesha kila mwezi. Lubumbashi, zaidi ya digrii 11 kusini, karibu haipati mvua Juni hadi Agosti: hiyo ni kazi ya latitudo. Goma iko karibu na ikweta kama sisi, lakini kwenye mita 1,500. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto digrii 6 hivi. Masika na vuli ni majira ya pwani. Mwanafunzi wa Kapalata asipoyatambua mtihanini, tusimhesabie kuwa hajui Kiswahili. Tumwulize kwanza mvua yake anaiitaje.