Kumaliza Mapema: Dawa Zipo, Usijinunulie

Kijitabu hiki ni cha mume na mke. Kisomeni pamoja.

Tatizo lenyewe

Mwanamume anamaliza ndani ya dakika moja hivi, karibu kila mara, hawezi kujizuia, na jambo hilo linawanyima raha. Ikitokea mara mojamoja, kwa mfano mkiwa hamjaonana muda mrefu, si ugonjwa.

Usimeze kidonge usichoandikiwa

Hili ndilo linalotuletea wagonjwa wale wale kila mwezi. Mwanamume anaona haya kuja kituoni, anapewa kidonge kijiweni, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, hakina jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mara nyingi ni tramadoli, dawa ya maumivu makali. Ni kweli inachelewesha, ndiyo maana inasifiwa. Lakini ina uraibu: ukishaizoea, siku ukiikosa unatoka jasho, unatetemeka, hulali. Inaweza kukuangusha kifafa. Ukiichanganya na pombe au dawa za usingizi, pumzi inaweza kukatika. Usimeze kidonge usichoandikiwa.

Sildenafili ni ya uume usiosimama vizuri, haikutengenezwa kwa ajili ya kumaliza mapema. Anayetumia nitrati kwa maumivu ya kifua akiimeza, presha hushuka ghafla na anaweza kufa. Unga wa "mitishamba ya nguvu" nao hauwi salama kwa kuwa tu umeitwa mitishamba: mwingine umekutwa na sildenafili ndani, haikuandikwa popote. Na wewe mama, usimtilie mumeo dawa kwenye uji. Huijui presha yake.

Anachoweza kukupa daktari

Krimu ya ganzi, yenye lidokeini. Hupakwa kichwani mwa uume dakika 10 hadi 20 kabla ya tendo, kisha huoshwa au huvaliwa kondomu, la sivyo mke naye atakufa ganzi. Ukizidisha, uume hulala.

Dapoksetini humezwa saa 1 hadi 3 kabla ya tendo, si zaidi ya mara moja kwa siku. Usinywe pombe siku hiyo, unaweza kuzimia. Mwenye ugonjwa wa moyo au ini aseme mapema.

Sertralini na paroksetini ni dawa za sonona ambazo pia huchelewesha. Humezwa kila siku, na inachukua wiki moja au mbili kuona nafuu. Usiziache ghafla. Mnaotafuta mtoto, mwambieni daktari. Usizichanganye kamwe na tramadoli.

Dozi ya jirani si yako. Usimeze kidonge usichoandikiwa, hata kama yeye kimemfaa.

Bila dawa

Ukikaribia kumaliza, simama, tulia, kisha endelea. Zoezi hili lataka subira ya wote wawili.

Wahi hospitali usiku huo huo

Ukiona kifafa, kupumua kwa shida, kuzimia, maumivu ya kifua, au uume uliosimama kwa zaidi ya saa 4 mfululizo. Beba pakiti au kidonge kilichobaki, na useme ukweli umemeza nini na saa ngapi. Tunauliza ili tujue dawa ipi tusikupe.