Vijiti vya Kiberiti na Vita vya Angani

Nataka kuwaeleza habari za John Thach, rubani wa jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1941 alipata habari kwamba ndege ya Kijapani iitwayo Zero ilikuwa nyepesi kupanda na kugeuka kuliko ndege zao. Basi usiku alikaa mezani akipanga vijiti vya kiberiti, akitafuta njia ya mnyonge kumshinda mwenye nguvu.

Njia yenyewe ndiyo hii. Marubani wawili huruka sambamba, wakiacha nafasi baina yao. Adui akimwandama mmoja kwa nyuma, wote wawili hugeuka kuelekeana. Adui akizidi kufuata, hujikuta uso kwa uso na bunduki za yule wa pili. Jaribuni wenyewe kwa vijiti vitatu, mtaona.

Tarehe 4 Juni 1942, huko Midway, Thach na wenzake walikuwa na ndege sita tu mbele ya adui wengi. Moja iliangushwa, lakini Thach akarudi salama. Alitunukiwa nishani, naye alistaafu mwaka 1967 akiwa admirali wa nyota nne.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nami naona nusu ya kazi ile ilifanyika mezani, kabla ya vita.