Kipimo cha Hesabu kwa Wagonjwa Wachache

Swali: Katika jaribio letu la dawa ya kichocho, wagonjwa 8 walipewa dawa mpya wakapona 7, wengine 8 walipewa ya zamani wakapona 3. Kipimo cha kai-mraba kimetupa thamani-p ya 0.04. Je, tutangaze?

Jibu: La, ndugu msomaji, msitangaze. Kipimo hicho, alichokiasisi Karl Pearson mwaka 1900, ni kadirio linaloaminika pale ambapo idadi inayotarajiwa katika kila chumba cha jedwali haipungui 5, ilhali nyinyi, kwa kuwa wasiopona ni 6 kwa jumla, mnatarajia 3 tu kila upande. Shikeni kipimo halisi cha Ronald Fisher, ambacho huhesabu badala ya kukisia: ziko njia 8008 za kuwagawa waliopona 10 miongoni mwa wagonjwa 16, na 952 kati yake zaonyesha tofauti iliyo sawa na yenu au kuizidi, yaani thamani-p, uwezekano wa kuipata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, ni takriban 0.12. Dawa yaweza kuwa na nafuu ya kweli, lakini ushahidi haujatimia, na afya za waja wa Mungu hazistahili kuwekwa rehani kwa ushahidi pungufu. Ama mkipima siku za kupona, kipimo cha Mann na Whitney, kinachowapanga wagonjwa kwa daraja, chawafaa zaidi, mradi mkichague kabla ya kuyaona matokeo.