Kushukuru Baada ya Dhiki: Mwanambuzi wa Ana



Wapendwa mume na mke mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu mmewahi kusikia Kitabu cha Tobiti kikisomwa kwenye Misa ya ndoa. Ni somo lile la sura ya 8, kijana Tobia na bibi harusi wake Sara wanapoinuka usiku wa ndoa yao kusali kabla ya kulala. Leo nataka tuwaache maarusi hao kidogo, tuwatazame wazee wa nyumba ile, Tobiti baba yake Tobia, na Ana mkewe. Hao walikuwa wameoana siku nyingi, na dhiki iliwakuta wakiwa na mtoto mkubwa nyumbani, kama inavyowakuta wengi wetu. (Biblia za ndugu zetu wengi Waprotestanti hazina kitabu hiki, kwa hiyo ukikitafuta chukua Biblia ya Kikatoliki.)

Tobiti alikuwa mtu wa sadaka. Huko Ninawi, ugenini, alizika maiti za wenzake zilizotupwa nje. Usiku mmoja baada ya kazi hiyo alilala uani karibu na ukuta, uso wazi kwa sababu ya joto, na kinyesi cha shomoro kikamwangukia machoni. Utando mweupe ukafunika macho yake. Waganga walishindwa. Jamaa yake Ahikari alimtunza miaka miwili, kisha akaenda zake mbali. Ana ndiye aliyebaki kutafuta riziki, akawa anafuma nguo za watu kwa malipo.

Sasa fungueni sura ya 2, aya ya 11 hadi ya 14, msome polepole. Siku moja wenye kazi walimlipa Ana mshahara wake wote, wakamwongezea mwanambuzi wa kupika nyumbani. Alipofika, mnyama yule akaanza kulia, na kipofu akasikia. Akamwuliza mkewe ametoka wapi, asije akawa wa wizi, akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Ana akaeleza kwamba ni zawadi juu ya mshahara. Mumewe hakuamini, akamkasirikia. Ndipo Ana naye, kwa uchungu, akamwuliza ziko wapi basi sadaka zake na matendo yake mema.

Tazameni jambo hilo. Nyumba iliyokaa na shida miaka mingi inaletewa nyama, na nyama hiyo inageuka kuwa ugomvi. Tobiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume asiyeweza tena kuleta chakula nyumbani, na kila alicholeta mkewe kilimkumbusha hivyo.

Mimi najua, kwa kuwa lilinipata. Mwaka 2020 nilikuwa nikipakia maua katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, na kazi ya ukatekista nikiifanya Jumamosi na Jumapili. Mwezi wa Machi wanunuzi wa Ulaya waliacha kununua, ndege zikapungua, tukarudishwa nyumbani. Makanisa yakafungwa, kafyu ikaanza, na darasa langu la wakatekumeni likasimama. Nikawa mtu wa kukaa kitandani na kutazama mabati. Mama watoto akaanza kupika mandazi alfajiri, na mchana kufua nguo katika nyumba za mawe za upande wa juu.

Jioni moja akarudi na pakiti mbili za unga wa mahindi, mafuta ya kupikia na kilo ya sukari. Nilijua hesabu ya pesa zake, na hivyo vilizidi. Nikamwuliza ni nani amemnunulia. Akasema amepewa tu na mama mwenye nyumba. Nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Kifungua mimba wetu, msichana wa darasa la saba, alikuwa amekaa mezani na kitabu chake. Ugali ukapikwa, tukala kimya.

Mwaka uliofuata nikaitwa kazini. Deni la dukani likaisha, kodi ya nyumba ikalipwa. Nikamwambia mama watoto tuombe Misa ya shukrani, tuialike Jumuiya yetu, tuchinje kuku. Nilidhani atapiga vigelegele. Aliendelea kusugua sufuria, kisha akasema, "Shukuru wewe, baba watoto. Mimi ule unga bado umenikwama kooni."

Ndugu msomaji, wengi wetu tukitoka katika shida tunakimbilia furaha. Tunataka kuimba. Tunasema Mungu ametenda, na kweli ametenda, lakini mwenzako aliyelala nawe katika kitanda kile cha shida anakumbuka pia wewe ulitenda nini. Ekaristi ni neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani, na ni shukrani kuu kuliko zote tulizo nazo. Hata hivyo Misa haianzi kwa Sala ya Ekaristi. Tunaanza kwa kukiri dhambi zetu, na kabla ya Komunyo tunapeana amani. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo 5:23-24, anamwamuru mtu aliye na sadaka mkononi aiache mbele ya altare, akapatane kwanza na nduguye. Mimi nimeyafundisha hayo miaka mingi. Sikujua kwamba nduguye ni pamoja na mama anayesugua sufuria.

Turudi kwa Tobiti. Katika sura ya 11 mwanawe anarudi safarini, na Ana ndiye anayemwona kwanza, kwa maana alikuwa akikaa akiitazama njia. Tobia anampaka babake nyongo ya samaki, ule utando unabanduka, mzee anaona, analia, anamsifu Mungu. Harusi inasherehekewa. Kisha someni aya ya kwanza ya sura ya 12, na muisome mara mbili. Tobiti anamwita mwanawe, anamwambia amlipe mshahara mwenzake wa safari, tena amwongezee. Mshahara, na juu ya mshahara! Ni kitu kile kile alichokataa kuamini kwamba mkewe angeweza kupewa. Wimbo wake mkubwa wa shukrani unakuja baadaye, katika sura ya 13, wakati wa kulipa umekwisha kupita.

Je, alimwomba Ana msamaha? Haikuandikwa, nami siwezi kuyaongezea Maandiko. Najua tu kwamba waliendelea kuishi pamoja, na kubishana pia. Katika sura ya 10 mzee anajaribu kumfariji mkewe kuhusu mtoto aliyechelewa, na Ana anamwambia anyamaze.

Basi, kama nanyi mmetoka katika dhiki na furaha haijarudi nyumbani, jaribuni hivi. Watoto wakilala, zimeni redio, simu ziwekwe kando. Kila mmoja amtajie mwenzake jambo moja alilolifanya siku zile, ambalo hakushukuriwa. Lisiwe la jumla. Kusema kwamba mlisaidiana hakutoshi. Taja ule unga, ile nauli, ule usiku wa hospitali. Baba aanze. Neno "lakini" lisitiwe mwishoni.

Tena tahadhari moja, hasa kwa sisi tunaofundisha. Iko dhiki isiyorudisha ilichochukua. Mama aliyezika mtoto asiharakishwe kufurahi. Nimewahi kufanya kosa hilo matangani, na aliniangalia tu. Mtume Paulo, katika 1 Wathesalonike 5:18, anatutaka tushukuru katika kila hali. Hakusema tuuite msiba kuwa jambo jema.

Upande wangu, ilinichukua siku tatu kulisema. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akataka jambo moja tu, kwamba nilirudie mbele ya msichana wetu, kwa sababu yeye alisikia lile la kwanza. Nawaambia kweli, kitubio kwa padre ni rahisi zaidi. Nililirudia, mezani pale pale. Ndipo nikaambiwa ambacho sikuwahi kuuliza: mtoto wa nyumba ile alikuwa na homa kali, na mama watoto alimkanda kwa maji kutwa nzima akaacha kufua.

Misa tuliifanya Jumamosi moja. Nilikuwa nimeandika nia ndefu ya kusoma kwenye maombi ya waamini, ya kushukuru kwa kazi. Mama watoto akatangulia kusimama, akamwombea yule mama wa nyumba ya mawe, kisha akaniombea mimi kwa jina langu la ubatizo, ambalo halitumii kamwe. Karatasi yangu niliirudisha mfukoni.